Nambari Sita za Baba

Kazi yangu ni kujua kwa nini watu hukimbia. Naifanya katika ofisi ya duka moja la mtandaoni hapa Landani, duka la viatu na vyombo vya nyumbani, na wakimbizi ninaowasema ni wale wanaochagua vitu vyao vizuri, wakavitia kwenye kikapu, wakajaza anwani, halafu wakifika pa kulipa wanatoweka. Ofisini tunaviita vikapu vilivyoachwa. Kila asubuhi meneja wangu huniuliza vimeachwa vingapi, na huuliza kwa sauti ya mtu anayeamini kuwa nimeviacha mimi.

Baada ya miaka ya kazi hii, mtu namjua kwa malipo yake. Vijana wanapenda kugawa mafungu matatu, hata soksi wanazichukua kwa mafungu. Watu wa makamo wanataka kugusa simu tu kwa kidole, mambo yaishe. Wazee wa Kiingereza wanaandika tarakimu za kadi moja moja, na ukiwaletea njia mpya wanaondoka wamenuna. Na wote, wadogo kwa wakubwa, wanachukia kitu kimoja: ile hatua ya mwisho, benki inapokutumia nambari sita kwenye simu, uziandike kabla muda haujaisha, ndipo iamini kuwa ni wewe. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi. Nimekaa vikao visivyohesabika kuijadili hatua hiyo, na hakuna aliyeuliza hata siku moja, mimi nikiwemo, kama yupo mtu duniani anayeipenda.

Nyumbani kwa wazee wangu, mtaa wa Kilburn, malipo yalikuwa na utaratibu wake. Mama alichagua, baba alilipa. Kadi ilikuwa moja, ya baba. Akaunti ya baba. Simu ya baba. Mama hakuwahi kuwa na akaunti tangu atoke Unguja, na ukimuuliza alikujibu, "Mkoba mmoja unatutosha, wa pili wa kufichia nini?" Alikaa na tableti yake karibu na dirisha, miwani imeshuka puani, anapekua maduka. Baba alikaa kwenye kiti chake upande wa pili wa chumba, simu imo kwenye mfuko wa shati. Mama akibonyeza kulipa, mfuko wa baba ulilia. Hapo baba alikohoa kwanza. Alifanya kazi kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi mpaka akastaafu, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutangaza kwenye kipaza sauti, basi hata nambari za kununulia chujio la chai alizitangaza.

"Nne! Sita! Sifuri!"

"Polepole bwana, treni haijafika," mama alisema, akizitafuta kwa kidole kimoja.

"Milango inafungwa, bibi. Tisa! Tisa! Mbili!"

Mara nyingi muda uliwaishia wakicheka, wakaomba nambari nyingine, wakaanza upya. Mimi nilikuwa nikiwatazama nakereka. Nimewaambia mara ngapi niwawekee njia nyepesi, hawataki. Siku moja nilimweleza baba habari ya kununua sasa na kulipa baadaye, maana ofisini tulikuwa tukiitangaza sana wakati huo. Akanicheka mpaka akavua miwani. "Nivae shati leo nilipe mwezi ujao? Nani aliyeniahidi huo mwezi ujao?"

Alifariki asubuhi moja majani yalipokuwa yanaanza kupukutika, ghafla tu, akiwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja. Tukamzika baada ya siku tatu, maana huku hata kaburi lina makaratasi yake. Mama akaingia eda, miezi minne na siku kumi za mjane kukaa ndani, bila kujipamba, bila udi, bila kuvuka kizingiti ila kwa dharura. Shehe wa msikitini alimpigia simu kumweleza kwamba akiwa na haja ya daktari, au ya benki, au hata ya dukani akikosa wa kumtuma, dini inampa ruhusa. Mama alimshukuru kwa adabu zote, akaweka simu chini, akaniambia, "Umri mzima kanitendea yeye. Hili ndo nnaloweza kumtendea mie. Sitoki."

Kitu kimoja tu alikiomba. Tulipokuwa tukitenga nguo za baba za kutolewa sadaka, niliichukua simu yake ili niizime. Akanishika kifundo cha mkono.

"Hiyo iache. Iwe na chaji, iwe na laini, basi. Sitaki kingine."

Nikaiweka kwenye mkono wa kiti chake, nikaichomeka waya. Laini ilikuwa ya kuongeza vocha, nikawa naiongezea mimi. Nilidhani ni mambo ya msiba, kwamba yatapungua yenyewe kadiri siku zinavyokwenda.

Mimi naishi Rayners Lane, pembezoni mwa mji, na ndimi mtoto wao pekee niliyeko huku. Kila Jumapili nilipanda treni mbili kwenda kumtazama. Nilimkuta pale pale karibu na dirisha, kajitanda kanga iliyopauka, tableti mapajani. Simu ya baba ikilia, mama alinyanyuka, akavuka chumba taratibu, akainama juu ya kile kiti na kuzisoma nambari kwa sauti, peke yake, na kabla ya kusoma alikohoa. Nami nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nilijiambia bibi huyu amejifunza kujitegemea upesi kuliko nilivyotarajia, na ile hofu niliyokuwa nayo juu yake ikanipungua.

Ilibaki hofu nyingine. Kadi ya mtu aliyefariki haitumiwi, na kama yuko mtu Landani nzima asiyeweza kusema hakujua, ni mimi. Sheria ya hapa haikubali, na yetu pia haikubali, maana mali ya marehemu si yake tena, ni ya warithi na lazima igawanywe. Kila wiki nilisema wiki ijayo. Halafu siku moja, saa ya chakula cha mchana, nikiwa nimejichoka kwa uzembe wangu, nikaitafuta ile fomu ya mtandaoni ambayo unaijaza mara moja na habari ya kifo inafika benki. Niliijaza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sandwichi. Jina lake, tarehe, uhusiano wangu naye. Nikabonyeza tuma, nikajiona nimetua mzigo. Nilipanga nimweleze mama Jumapili, uso kwa uso, nikiwa na mpango kamili wa namna atakavyonunua vitu vyake.

Benki ilikuwa na haraka kuliko mimi. Alhamisi, saa tano asubuhi, mama alinipigia kazini, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

"Simu ya babako imekufa."

"Haina chaji?"

"Chaji inayo. Laini inayo. Nimeipigia kwa simu ya nyumbani, imelia. Lakini nambari haileti. Tangu jana haileti."

"Unanunua nini, mama? Niambie, nikununulie mimi."

"Kitu," akasema.

Niliaga kazini nikaenda. Njia nzima nilikuwa nikitunga maneno, nikiyabadilisha, nikiyatunga tena. Nilipofika sikuyasema. Nilijifanya fundi: nikaichukua simu ya baba, nikaigeuza huku na huku, nikafungua meseji zake. Nilitarajia kukuta labda ishirini za benki. Nikavuta kwa kidole, zikaja nyingine. Nikavuta tena. Zilikuwa za kila siku tangu mazishi, nne au tano kwa siku, za asubuhi, za kabla ya adhuhuri, za baada ya alasiri, zote za nambari sita sita. Na vifurushi vilivyofika nyumbani mle nilivijua vyote, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikitupa maboksi: mchele, sabuni, dawa ya magoti na mtego wa panya.

Nikaichukua tableti. Kurasa alizokuwa amezifungua ziliganda hapo, moja nyuma ya nyingine, na yalikuwa maduka ambayo hata mimi niliye kwenye biashara hiyo sijawahi kuyasikia. Brashi ya kusugulia farasi. Glavu za mfuga nyuki. Kamba ya boti. Nyundo ya kurekebishia piano. Gurudumu la mashine ya kukatia majani, kwa mtu anayekaa ghorofa ya tatu na hana hata chungu cha maua. Kila kitu kimo kwenye kikapu, anwani imejazwa, na kila kikapu kimeachwa pale pale, kwenye hatua ya mwisho, kisanduku cha nambari sita kitupu.

Nikaelewa, tena nikaelewa kama mtu wa fani. Duka ulilokwisha kununua mara kadhaa likishakuzoea, benki mara nyingi haikuulizi tena. Malipo yanapita kimya kimya. Ukitaka uulizwe, lazima uende duka ambalo hujawahi kukanyaga. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukaa kwenye kikao chetu hata kimoja, alikuwa ameligundua hilo peke yake, na akawa anatembea maduka ya nchi nzima humo humo edani kutafuta mahali pa kuulizwa.

"Mama, hivi vitu ulikuwa unavitaka?"

"Brashi ya farasi mie ya nini?"

"Sasa ulikuwa unataka nini?"

Hakunitazama. Alikuwa anakitazama kile kiti. "Ilikuwa ikilia pale pale," akasema. "Pale pale kwake."

Sijawahi kumwogopa mama yangu tangu nilipokuwa mtoto, lakini siku hiyo nilimwogopa. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia. "Account imefungwa, mama. Si simu iliyoharibika, ni bank wamefunga. Mimi ndiye niliyewapelekea habari."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Umewaambia kuwa kafa?"

"Ndiyo, mama."

Nilisubiri anigombeze. Ningependa angenigombeza. Yeye akaushika upindo wa kanga yake akawa anaukunja, anaukunjua, anaukunja tena.

"Walikuwa hawajui," akasema. "Msikitini wanajua. Majirani wanajua. Unguja nzima wanajua. Hao tu ndo walikuwa hawajui, wakimwandikia kila siku kama yupo."

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikaipigia benki. Nikasikilizishwa muziki mpaka chai niliyoikoroga ikapoa, kisha akaja kijana mmoja mwenye sauti ya upole, akanipa pole kwa msiba. Nikamuuliza kama akaunti inaweza kufunguliwa tena, si moja kwa moja, kwa wiki chache tu, mpaka eda imalizike. Hakuelewa. Akaniuliza, kwa uangalifu mkubwa, kama nilikuwa na maana kwamba ile taarifa ya kifo ilitumwa kwa makosa.

Nakiri kwamba neno ndiyo lilinifika kwenye ulimi. Lilikuwa neno dogo tu, na upande wa pili alikuwepo kijana anayesubiri kuliandika. Kwa muda wa pumzi moja mahali fulani katika mashine zao baba angekuwa hai, na simu ingelia.

"Hapana," nikasema. "Hakuna makosa."

Basi haiwezekani, akasema. Mama afungue yake mwenyewe. Aende tawini na pasi yake na barua yoyote yenye jina lake na anwani. Tawi la karibu lilikuwa limekwisha kufungwa, na barua zote za nyumba ile, tangu za umeme mpaka za maji, zilikuwa na jina la baba. Nikamweleza kwamba mama hawezi kutoka kwa sasa. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia si mgonjwa, yumo kwenye msiba. Akanipa pole tena, na nikamsikia anaandika. Sikumkasirikia. Kila alichokisema kilikuwa sahihi, na kila alichokisema mama kilikuwa sahihi, na mimi nilikuwa katikati nimeshika simu.

Kesho yake kazini, meneja alipotaka orodha ya vikapu, kitu kikaniambia nitafute. Nikaandika jina la baba. Akatokea. Kumbe mama alipita hata dukani kwetu. Kikapu kilikuwa na jozi moja ya ndara za kiume za kuvaa ndani, saizi yake baba, na chini yake imeandikwa kwamba mteja huyu alikwisha kutumiwa ujumbe wetu wa kawaida wa kukumbusha. Ujumbe ule niliuandika mimi. Wakati ule ulisifiwa sana ofisini kwa sababu ni mfupi na hausumbui. Unasema: Kuna kitu umekiacha, bado kinakusubiri. Nilikwenda chooni, nikalia, nikanawa uso, nikarudi mezani. Meneja akaniuliza vimeachwa vingapi. Nikamwambia vingi.

Nilimwekea mama kadi yangu kwenye tableti ili asipate taabu. Nambari zikawa zinakuja kwenye simu yangu ofisini, nami nampigia kumsomea. Mara ya kwanza aliagiza unga na maharage. Nikasoma, akaandika, yakakubali.

"Husomi kama babako," akasema. "Unasoma kama unagombana na mtu."

Mara ya pili nikajitia kukohoa kabla ya kusoma. Akakata simu. Tangu siku hiyo tableti haikufunguliwa. Akawa ananiandikia mahitaji yake nyuma ya bahasha kuukuu, kwa mwandiko wake wa madrasa, mchele, sabuni, basi, na mimi namletea Jumapili. Simu ya baba ilibaki kwenye mkono wa kiti, imechomekwa. Kila asubuhi aliipangusa vumbi. Hakuniuliza tena kama italia, na hilo ndilo lililonitesa. Chakula alikula robo ya sahani. Ukimwambia jambo alikujibu ndiyo, na ukirudi kumuuliza ulikuta hakukusikia.

Zilipobaki siku kumi na moja eda kwisha, nikiwa mezani pangu kazini, nikafanya jambo ambalo ningemkemea mteja wangu kwa kulifanya. Nilifungua akaunti yangu ya benki kwenye simu, nikaenda pale pa mawasiliano, nikaifuta nambari yangu na kuweka ya baba. Benki ikaniuliza kama nina hakika kwamba simu hii ni yangu na iko mikononi mwangu. Uongo nilioukataa kwa yule kijana nikausema hapo, kwa kubonyeza mara moja.

Saa ya chakula nikatafuta duka ambalo sijawahi kununua. Nikachagua kijiti cha uzi mweupe. Nikajaza anwani ya Kilburn, nikaandika kadi, nikabonyeza kulipa. Kioo kikaniambia nambari sita zimetumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu tatu ninazozijua tangu simu za mkononi zilipoingia nyumbani kwetu. Sekunde zikaanza kuhesabiwa kurudi nyuma. Nikampigia mama simu ya nyumbani.

Iliita sana. Alipopokea alikuwa anahema.

"Imelia," akaninong'oneza. "Imelia sasa hivi!"

Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu majani yalipoanza kupukutika. "Itazame, mama," nikamwambia. Nikamsikia anavuka chumba. Nikamsikia anaiokota, anatafuta miwani.

"Si benki yake hii," akasema. "Jina la benki yako limeandikwa hapa."

Mimi mtaalamu, mimi mtu wa vikao, sikulifikiria hilo. "Ni yangu, mama. Nimeweka nambari ya..."

"Nimefahamu."

Mbele yangu sekunde zilikuwa zinakwisha. Nilidhani atakata, na angekata ningempa haki yake. Badala yake nikasikia akikohoa, kikohozi kile chenyewe cha kifuani, cha mtu anayetaka watu wote wa stesheni wamsikilize.

"Saba!" mama akatangaza. "Moja! Nne!"

Vidole vyangu vilikuwa juu ya vitufe na havikushuka.

"Unaandika?"

"Naandika, mama."

"Nane! Nane! Tano!"

Maandishi mekundu yakatokea kwenye kioo kuniambia muda umekwisha.

"Zimekubali?" akauliza.

"Bado," nikamwambia, na nikabonyeza kuomba nyingine.